Janti ya fabrike, janti ya kuiga



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na uji wa soya kwa watoto walioachishwa ziwa. Uji utangoja. Tangu pikapu yetu ilipopata matata kwenye mlima wa Bogoro, hatupiti sokoni bila kusimamishwa. Penye bomba la maji wanauliza, kwenye mitumbwi wanauliza, na juzi mtoto wa darasa la tatu alinyosha kidole katikati ya somo la hesabu akauliza: «Mama mwalimu, ni kweli kama gurudumu la gari yenu lilitaka kukimbia peke yake?» Basi tuandike yote mara moja, wenye kununua gari au kupanda gari wapate kujua, na sisi tupate kupita njiani kwa amani.

Wote mnajua pikapu ile. Ni Toyota Hilux, usukani uko kuume kwa kuwa ilitoka Uganda, na tuliinunua kwa feza ya sanduku la AVEC, lile la kufuli tatu, baada ya miaka ya kutia hisa ndogondogo. Kila siku ya pili na kila siku ya posho inapandisha samaki wetu Bunia, kapiteni na tilapia na makayabu, na jioni inaturudisha tukikaa juu ya magunia matupu. Njia ni kama kilometa 50 tu, lakini ziwa liko chini kwenye meta 620 hivi na Bunia iko zaidi ya meta 1.200. Tofauti hiyo yote gari inaikula katika kupanda Bogoro, na jioni inaitapika katika kuteremka. Ndiyo maana kwetu gurudumu si pambo.

Janti zetu za zamani zilikuwa za chuma. Mawe ya barabara yalizipiga hata midomo yake ikapindana, upepo ukawa unatoka kila usiku, na dereva wetu akawa anaamka saa kumi na moja kupampu. Baraza likakubali tununue zingine. Wakachagua watu watatu wa kwenda Bunia: mweka hazina, dereva, na sisi tunaoandika ukurasa huu, kwa kuwa eti aliyesoma pedagojia hawezi kudanganywa. Mama mmoja alicheka aliposikia hivyo. Alikuwa na haki ya kucheka.

Mfanyabiashara tuliyemkuta alikuwa na janti nne za aliminiumu, zinang'aa kama sahani za arusi, na katikati ya kila moja kuna kofia yenye alama ya Toyota. «Mama mwalimu, hizi ni za fabrike kabisa,» akasema. «Zimetoka kwenye gari moja la Japani. Hazijakanyaga udongo wa Kongo hata siku moja.» Alitaka dola 240. Tulibishana mpaka jua likageuka, tukalipa 200. Akatupa na ekru 24 bila kuongeza bei, zile nati zenye shingo na ringi bapa chini yake. Hatukugeuza hata janti moja kutazama mgongo wake, wala hatukuomba karatasi ya malipo. Sisi ambao kila mwaka tunafundisha watoto wa darasa la sita kuandika risiti!

Zilipofungwa tuliona magurudumu ya nyuma yametoka nje kidogo kupita ya mbele. Tulifurahi. Tulisema gari imenenepa.

Safari tatu zikapita vizuri, ila dereva alilalamika kwamba gari inatetemeka ikipita mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Safari ya nne, katikati ya mlima, tukasikia nyuma kushoto ko, ko, ko. Dereva akazania ni jiwe limeingia kwenye mpira. Ni mama aliyekaa juu ya masanduku aliyepiga bati ya kabini kwa mkono na kupaza sauti: «Simama, mwanangu, simama!» Tukashuka. Ekru mbili zilikuwa zimeanguka, buloni moja imekatika, na ekru tatu zilizobaki dereva alizizungusha kwa vidole kama kifuniko cha chupa. Gari ilikuwa imebeba kilo 600 za samaki, barafu inayeyuka, na ile si njia ya kulala usiku. Tulingoja saa nne kabla ya kupata lori la kutusaidia. Samaki tuliuza jioni kwa bei ya huruma. Katika daftari hasara ya siku ile ni dola 135. Lakini hasara ambayo haikuandikwa, nayo ndiyo inatuamsha usiku, ni hii: kama gurudumu lingengoja hata jioni, wakati tunateremka mlima ule tukiwa kumi na mmoja nyuma.

Papa makanika mmoja wa Bunia, mzee mwenye miwani iliyofungwa na uzi, ndiye aliyetufumbua macho. Hakutazama uso wa janti hata kidogo. Aliomba maji, sabuni na burashi, akafungua zote nne kwenye gari, mipira ikatolewa na kwado, halafu akazilaza kifudifudi na kusugua migongo yake. «Uso ni wa kumvutia mnunuzi,» akasema. «Maandiko yako nyuma.» Tulitumia nusu siku hapo, tukiandika kama wanafunzi. Sasa tunawapa.

Kofia ya katikati haina ushuhuda wowote. Ni plastiki, inauzwa peke yake, na mtu anaweza kuipachika hata kwenye sufuria. Kofia zetu nne zote zilikuwa sawasawa, na bado chini yake kulikuwa na janti mbili za fabrike na mbili za kuiga. Ndiyo, mbili na mbili. Muuzaji alikuwa na jozi nzuri, akatafuta nyingine zenye kufanana kwa sura, akapaka zote rangi moja. Kwa hiyo ukitazama moja na kuridhika, hujatazama kitu. Geuza zote nne.

Kwenye mgongo wa zile mbili nzuri, sabuni ilipotoa tope, tuliona maandiko yaliyoinuka, yamezaliwa pamoja na janti yenyewe ndani ya kalibu. Herufi zilikuwa kali, ncha zake safi. Kulikuwa na kipimo, 16X7JJ. Maana yake upana wa kutoka ukingo hadi ukingo pahali mpira unapokaa ni inchi 16, unene ni inchi 7, na JJ ni umbo la mdomo unaoshika mpira. Ile 16 lazima ilingane na namba ya mwisho iliyo kwenye mpira wako. Kulikuwa na jina la kiwanda kilichosubu, maana Toyota haisubu janti zote yenyewe. Inaagiza kwa wenye kazi hiyo, na majina kama Enkei na Topy ni ya viwanda vya Japani ambavyo vimefanya kazi hiyo miaka mingi. Kulikuwa na duara ndogo kama uso wa saa, yenye mshale na namba, ndiyo tarehe ya kusubiwa. Na kulikuwa na herufi JWL.

Hizo JWL zishikeni vizuri. Ni alama ya sheria ya Japani kwa janti za metali nyepesi. Kiwanda kinapoiweka kinasema: janti hii imepita majaribio matatu, la kupindwa ikizunguka muda mrefu, la kuviringishwa chini ya mzigo mzito, na la kupigwa na kitu kizito kinachoanguka. Janti za malori zina JWL-T. Mara nyingi kando ya JWL utaona VIA. Hiyo inatolewa na chama kingine cha Japani kinachokagua na kuandikisha, si kiwanda chenyewe. Tofauti yake ni kama ile ya mwanafunzi anayesahihisha mtihani wake mwenyewe na yule ambaye inspekta amemsahihishia.

Lakini msikimbie sokoni mkitafuta herufi tatu tu. Mwenye kuiga kofia anaweza kuiga na herufi. Moja ya zile mbaya ilikuwa nayo JWL, ila imevimba kama mkate uliolowa, W haijulikani kama ni W ama ni M iliyoanguka, na hapakuwa na kipimo, wala jina la kiwanda, wala saa ya tarehe. Ya pili haikuwa na kitu chochote, na pahali pamoja rangi ilikuwa nene sana. Papa makanika akaparuza kwa kisu. Chini yake kulikuwa na mshono wa kuchomelea, urefu wa kidole. Janti ile ilikuwa imepasuka zamani. Mweka hazina wetu alikaa chini.

Wengine watawaambia kwamba janti ya kweli ya Toyota lazima iwe na namba inayoanza na 42611. Namba hiyo ni ya kweli, ndiyo mwanzo wa namba ya janti katika katalogi ya vipande vya Toyota, lakini mara nyingi iko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye janti mpya, si kwenye metali. Karatasi hiyo ikioshwa mara mbili haipo tena. Kwa hiyo usikatae janti nzuri kwa sababu haina 42611, wala usikubali mbaya kwa sababu mtu ameichonga kwa msumari. Wenye Mercedes wana bahati zaidi: kwao namba ya kipande huwa imesubiwa nyuma na inaanza na A.

Sasa tufike kwenye mambo ambayo hayaigiki kirahisi, kwa kuwa ni vipimo. Hapa ualimu wetu ulipata heshima yake kidogo.

Hilux ina matundu 6 ya buloni, na duara inayopita katikati ya matundu ina kipenyo cha milimeta 139,7. Kwa matundu sita ni kazi rahisi, unapima toka katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalolielekea. Na kama tundu la katikati ni kubwa na rula inayumba, pima toka tundu moja hadi jirani yake, lazima upate karibu milimeta 70, nusu ya ile ya kwanza. Watoto wa darasa la tano wanajua sababu: ukichora duara kwa kompa, na bila kubadili kompa ukatembea nayo juu ya duara, unapata hatua sita kamili. Gari za matundu 5 zinasumbua, maana hakuna tundu linaloelekea lingine. Hapo pima jirani kwa jirani tu. Toyota Noah, ambayo kipenyo chake ni milimeta 114,3, inakupa milimeta 67. Land Cruiser za 78 na 79, zile za mashirika, zina kipenyo cha 150, nazo zinakupa 88. Andikeni namba hizi nyuma ya kadi ya hisa.

Matundu ya janti zetu zote nne yalikuwa sawa. Tundu kubwa la katikati ndilo lililosema ukweli. Kwenye zile za fabrike lilikuwa milimeta 106, likaingia kwenye kitovu cha gari kama kidole katika pete yake. Kwenye zile za kuiga lilikuwa 110. Mwenye kuiga anataka janti moja iingie kwenye gari za aina nyingi, kwa hiyo anapanua tundu. Milimeta nne ni kitu kidogo, unene wa kamba. Lakini janti isiyoshikwa katikati inakaa kidogo upande, na ikizunguka inatupa uzito wake huku na huku. Kule kutetemeka kwa mwendo wa 50 kulikuwa kunatoka hapo.

Na sasa ekru, ambazo sisi tulizipokea kwa shukrani kama zawadi. Janti za aliminiumu za Toyota ya namna ile zina kitako bapa kwenye kila tundu, na ekru yake ina shingo inayoingia ndani na ringi bapa inayolala juu ya kitako. Janti zile za kuiga zilikuwa na kitako cha mteremko, kama faneli, nacho kinataka ekru yenye kichwa cha koni. Muuzaji alitupa ekru bapa kwa zote. Ringi bapa juu ya faneli inagusa ukingo tu, kama kifuniko cha sufuria kubwa kilichowekwa juu ya ndogo. Unaikaza, inalia, unafikiri imeshika. Baada ya mashimo mia moja ukingo unalika na ekru inakuwa huru. Kinyume chake ni kibaya vilevile: ekru ya koni ya janti zetu za chuma isingeshika kwenye kitako bapa. Wamama, ukibadilisha janti, tia kidole ndani ya tundu la buloni. Ukisikia bapa, tafuta ekru ya bapa. Ukisikia mteremko, tafuta ya koni. Kidole hakihitaji diploma.

Kule kunenepa kwa gari nako kulipata maelezo. Papa makanika alilaza fimbo iliyonyoka juu ya mgongo wa janti, toka mdomo hadi mdomo, akapima kwa rula kutoka fimbo kushuka hadi pahali janti inapogusa kitovu. Kwa zile mbili za kweli alipata kipimo kimoja. Kwa zile za kuiga kilipungua kwa sentimeta mbili, na ndizo sentimeta zile zile tulizozifurahia. Gurudumu lililotoka nje linavuta mkono mrefu zaidi kwenye kitovu, nazo beringi zinachoka kabla ya wakati. Kwenye janti nzuri jambo hili huwa limeandikwa pia, kama ET30 au +30, ni milimeta.

Halafu uzito. Hapa tulimfundisha papa makanika kitu, na tunajisifu. Mizani yetu ya ndoano ya kupimia samaki ilikuwa ndani ya gari. Mweka hazina akasema: «Sisi tukitaka kujua kama kapiteni ametiwa mawe tumboni, si tunapima?» Tukazitundika moja moja. Za fabrike: kilo 11 na kilo 11, mshale haukutofautiana hata kwa nywele. Za kuiga: kilo 13 na kilo 12 na nusu. Si kusema kwamba ya kuiga ni nzito siku zote, nyingine ni nyepesi kwa kuwa wamenyima metali. La kutazama ni hili: ndugu wa tumbo moja wanalingana. Nne zilizosubiwa katika kalibu moja haziwezi kupishana kilo mbili.

Sumaku nayo iwe ndani ya kikapu. Vunja redio iliyokufa, sumaku iko nyuma ya spika. Ikishika janti, hiyo ni chuma, hata ikiwa inang'aa namna gani. Ikikataa, ni aliminiumu. Hatusemi chuma ni kibaya! Janti ya chuma ya fabrike ni rafiki wa barabara zetu, ikipinda fundi anainyosha, na sisi wenyewe tunajuta kidogo kuziacha. Ubaya ni kulipa bei ya aliminiumu.

Kitu kimoja tungependa kila mmoja wenu aelewe, kwa kuwa papa makanika alikirudia mara mbili. Si kila janti isiyo ya Toyota ni ya uongo. Viko viwanda vinavyosubu janti kwa jina lao wenyewe, na jina lao liko nyuma, na kipimo, na uzito unaoruhusiwa. Hizo ni za halali, mradi vipimo vilingane na gari yako na ekru ziwe zake. Mwongo ni yule asiyeandika jina lake na kujivika kofia ya mwingine. Huyo ikipasuka, utamshitaki nani?

Kuhusu uzito unaoruhusiwa, tulifanya hesabu pale pale. Tuseme pikapu tupu ina tani moja na nusu na tumeibebesha tani moja. Jumla kilo 2.500. Mzigo uko nyuma, kwa hiyo nyuma inachukua zaidi ya nusu, tuseme 1.500. Gawanya kwa mbili: kila janti ya nyuma inabeba kilo 750, kabla hata ya kuanguka ndani ya shimo. Janti iliyoandikwa MAX LOAD 690 kg ingefaa gari ndogo ya kwenda kanisani. Kwa samaki wetu haifai, iwe ya kweli mara kumi. Na kwa sababu hiyo, tangu siku ile baraza limekataza kupita kilo 700 za samaki kama kuna watu nyuma. Wenye kunung'unika tunawasikia. Tutaendelea kukataa.

Sauti ndiyo tuliijua sisi kabla ya makanika kusema. Shule yetu, kama shule nyingi za kwetu, kengele yake ni janti ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, inapigwa na kipande cha chuma. Tumeisikia miaka kumi. Janti isiyo na mpira, ukiitundika na kuigonga taratibu kwa mpini wa nyundo, inaimba, sauti inakawia. Iliyopasuka inajibu kwa ufupi, kama chungu chenye ufa. Zile za fabrike ziliimba. Ile ya kilo 13 iliimba pia, tuwe wakweli. Yenye mshono ilisema pu, ikanyamaza.

Tulirudi kwa muuzaji. Alisema tulichagua kwa macho yetu wenyewe, na kwamba hakuna karatasi inayoonyesha alituuzia nini, na hapo alikuwa amesema kweli. Baada ya maneno mengi, na baada ya mzee mmoja wa mtaa kuingia katikati, alirudisha dola 40. Siku ya posho iliyofuata baraza lilikaa. Wengine walitaka wale watatu walipe hasara yote, wengine wakasema hata wao wangenunua. Mama mmoja mjane, mwenye hisa mbili tu katika sanduku, alisimama akasema: «Mimi sikasiriki juu ya feza. Nakasirika kwa kuwa mlimwona mwalimu, mkaacha kutazama.» Hakuna aliyejibu. Mwishoni sisi watatu tulitoa dola 20 kila mtu, na nyingine sanduku lilizibeba.

Janti mbili za fabrike za kuungana na zile nzuri tulizipata baada ya majuma matatu. Tulikwenda na sabuni, burashi, rula, fimbo, sumaku ya redio na mizani. Muuzaji wa kwanza alipotuona tunatoa mizani ya samaki alisema anafunga duka. Wa pili alicheka sana, akatuletea maji mwenyewe. Kwake tulinunua, dola 55 kila moja, na karatasi yenye jina lake, tarehe, kipimo, na neno «ya fabrike» kwa mkono wake. Dereva alikaza ekru kwa kuvukana, si kwa kuzunguka: moja, halafu ile inayoielekea. Tulipofika Kasenyi alizikaza tena, kwa kuwa janti iliyofungwa upya inakaa vizuri baada ya kilometa 50 au 100, na ekru inabaki na nafasi kidogo. Sasa kila safari, kabla ya kupakia, mtoto mmoja anazungukia ekru 24 na spana na kuhesabu kwa sauti. Anayetaka kumsaidia kuhesabu anakaribishwa.

Janti ile yenye mshono tuliikata mbele ya baraza, isije ikapakwa rangi tena na kuuzwa kwa mwingine. Ile ya kilo 13 imetundikwa kwenye mti mbele ya nyumba ya mkutano. Siku ya posho saa tisa mchana itapigwa mara tano. Atakayeisikia alete kadi ya hisa na deni lake la juma, na tutaanza na uji wa soya.